Nyota si moja: kuchagua bisibisi na spana za nati zisizokula vichwa vya skrubu

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Majengo hapa Moshi. Nimemaliza mafunzo ya umeme wa majumbani, na kazi ikipatikana natengeneza pia majiko ya gesi, feni na pikipiki za majirani. Ndani ya mwaka mmoja nimenunua seti mbili za bisibisi na zote ncha zimeisha. Skrubu za wateja zinaliwa vichwa na lawama ni zangu. Sasa naonyeshwa boksi la vipande 32, mpini mmoja na vichwa vya kubadilisha, kwa bei ya bisibisi nne nzuri. Nichukue lipi? Na zile spana za nati zenye mpini kama wa bisibisi, nianze na namba zipi? Nisafiri hadi Arusha au Moshi panatosha?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Chukua bisibisi nne nzuri. Boksi la vipande 32 lina kazi yake, nitaifikia, ila siyo kazi unayoitaka wewe sasa. Kabla ya kununua chochote tushike kwanza chanzo cha vichwa kuliwa, maana bisibisi bora kabisa ikiingizwa kwenye skrubu isiyo yake italiwa kama zile mbili za mwanzo.

Chanzo ni hilo neno "nyota". Ukiomba dukani bisibisi ya nyota unapewa moja, kisha unaitumia kwa kila skrubu yenye msalaba kichwani. Kumbe misalaba hiyo ni ya aina tatu. Ukiitazama kwa mbali inafanana, ukiingiza ncha haikubaliani.

Wa kwanza ni Phillips, unaoandikwa PH. Jina limetoka kwa Mmarekani Henry F. Phillips wa Portland, Oregon, aliyepata hataza zake katika miaka ya 1930. Viwanda vya magari vya Marekani vilikuwa vya mwanzo kuutumia. Kuta za msalaba huu zimelala, yaani shimo ni pana juu na jembamba chini. Ukizungusha kwa nguvu, ule mlalo wa ukuta unaisukuma ncha ipande juu na kutoka. Ndiyo maana skrubu ya PH inataka usukume sana na uzungushe kidogo. Skrubu nyeusi za kufungia jipsamu karibu zote ni PH2, na utaikuta pia kwenye feni, pasi na redio.

Wa pili ni Pozidriv, PZ, uliotoka miaka ya 1960. Huu kuta zake zimesimama wima zaidi, kwa hiyo hauitupi ncha nje. Utautambua kwa mistari minne myembamba iliyochorwa katikati ya mikono minne ya msalaba, kama vile alama ya kuzidisha imewekwa juu ya alama ya kujumlisha. Bisibisi yake nayo ina mbavu ndogo kati ya mabawa manne. Skrubu nyingi za mbao zenye rangi ya dhahabu, bawaba za makabati ya jikoni, na vituo vya nyaya (pale waya unapofungwa) kwenye breka za umeme ni PZ. Ukiingiza PH2 ndani ya PZ2 itaingia bila ubishi, na hapo ndipo unapodanganyika: inagusa sehemu ndogo tu ya kuta, inacheza, na ukikaza inakata mikono ya msalaba kama kijiko kinavyochota ugali. Ukigeuza, PZ2 ndani ya skrubu ya PH2, haishuki hadi chini kabisa, na matokeo ni yale yale. Sina shaka kwamba sehemu kubwa ya vichwa vilivyoliwa mikononi mwako ni ndoa hii ya PH na PZ.

Wa tatu ni msalaba wa Kijapani, unaojulikana kwa herufi JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani. Unafanana mno na Phillips, ila kona za ndani ni kali zaidi na shimo ni fupi zaidi. Ncha ya PH ya kawaida inagota chini kabla mabawa hayajashika kuta vizuri, halafu inaruka. Mara nyingi skrubu hizi zina nukta moja ndogo iliyobonyezwa karibu na msalaba. Utazikuta kwenye kabureta, vifuniko vya injini za pikipiki za zamani za Kijapani, na kwenye Land Cruiser zinazojaza gereji za Arusha. Bisibisi ya JIS hufanya kazi vizuri kwenye skrubu za Phillips pia, kwa hiyo anayegusa pikipiki mara kwa mara anaweza kununua namba 2 ya JIS na kuitumia pande zote mbili. Vessel ya Japani ni mojawapo ya watengenezaji wa bisibisi za aina hiyo.

Kisha ipo nyota yenyewe hasa, yenye ncha sita, inayoitwa Torx na kuandikwa T10, T15, T20 na kuendelea. Hiyo haichanganywi na msalaba, ila fahamu kwamba ukisema "nyota" muuzaji anaweza kukuelewa vingine. Kuanzia leo omba kwa herufi na namba: "nipe PH2", "nipe PZ2". Muuzaji asiyejua tofauti akuletee zote uangalie mwenyewe ncha.

Kuhusu ukubwa, PH1 ni ya skrubu ndogo za M2.5 hadi M3 (namba ya M ni unene wa uzi kwa milimita), PH2 ni ya M3.5 hadi M5, PH3 ni ya M6. Kwa skrubu za mbao za PZ, namba 2 inashika unene wa kuanzia milimita 3 hivi hadi 5. Ikizidi hapo hadi 7 ni PZ3. Kosa la kawaida ni kutumia namba 1 pale panapotaka namba 2 kwa sababu "inaingia". Kuingia hakutoshi, inatakiwa ijae. Anza kila mara na ncha kubwa zaidi inayoweza kushuka hadi chini ya shimo.

Bisibisi bapa nazo zina vipimo viwili, na wengi huangalia kimoja tu. Kuna upana wa ncha na kuna unene wake. Vipimo vya kimataifa vinaandikwa hivi: 0.5 × 3.0, 0.8 × 4.0, 1.0 × 5.5, 1.2 × 6.5. Namba ya kwanza ni unene, ya pili ni upana, zote kwa milimita. Unene ndio unaoshika kuta za mfereji wa skrubu. Ncha nyembamba ndani ya mfereji mpana inakaa kimshazari, inagusa kona mbili tu, na kona hizo ndizo zinazovunjika au kuinua makombo ya chuma kichwani. Kwa upana, ncha isizidi kipenyo cha kichwa, la sivyo itakwaruza plastiki ya swichi ya mteja, na isipungue robo tatu ya mfereji. Tazama pia ubavu wa ncha: zilizo nzuri, milimita chache za mwisho ziko sambamba kabisa. Zile zilizotengenezwa kama kabari, nene juu na nyembamba mwisho, zinafanya kazi ile ile ya kuta za Phillips, yaani zinapanda na kutoka.

Kwa kuwa umeme ndiyo kazi yako kuu, hapa usibane matumizi. Mpini wa plastiki peke yake haukukingi. Unachotafuta ni alama ya pembetatu mbili zilizopandana na maandishi 1000 V, pamoja na namba ya kiwango IEC 60900. Bisibisi za kiwango hicho hujaribiwa moja moja kwa volti 10,000 zikiwa ndani ya maji, ndipo zinaidhinishwa kwa kazi ya hadi volti 1000. Chuma chote kimefunikwa hadi karibu na ncha. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, na bado sharti la kwanza ni kuzima meni swichi na kupima kabla ya kugusa. Kinga ya bisibisi ni ya siku ile ambayo kitu kimekwenda kombo. Ikichubuka au kupasuka ganda, itoe kwenye kazi za umeme siku hiyo hiyo, usiizungushie tepu. Na ile bisibisi ambayo chuma chake kinapita ndani ya mpini hadi kutokea nyuma ili ipigwe nyundo, usiiingize kamwe kwenye boksi la breka: mkono wako uko kwenye chuma kile kile.

Testa nayo isitumike kukaza. Ncha yake ni laini, na mpini una kipingamizi na taa ndani vinavyopasuka ukizungusha kwa nguvu. Tena taa yake kutowaka si ushahidi kwamba waya umekufa. Pima kwa mita.

Breka nyingi zina skrubu mseto, yenye msalaba wa PZ na mfereji bapa katika kichwa kimoja. Wengi huingiza PH2, inaruka, wanaacha kituo kimekazwa nusu. Kituo kilicholegea kina ukinzani, ukinzani unatoa joto, joto linalegeza zaidi, na mwisho ni breka iliyoungua na waya uliobadilika rangi. Tumia PZ2 safi, au bapa ya 1.0 × 5.5 inayojaa mfereji. Ipo pia ncha maalumu ya mseto inayoandikwa PZ/S, na kama kazi yako ni kufunga mabodi kila wiki inalipa gharama yake. Nguvu ya kukazia imeandikwa ubavuni mwa breka au kwenye karatasi yake, kwa zile ndogo za nyumbani huwa kati ya Nm 2 na 3.5 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kutegemea mtengenezaji. Skrubu za kufungia bamba la swichi na soketi za ukutani za aina ya Kiingereza ni M3.5, 0.8 × 4.0 inazitosha. Kwa viunganishi vidogo vya nyaya za taa, 0.5 × 3.0.

Sasa spana za nati. Nitaziita bisibisi za nati, kwa sababu neno soketi tayari limebebeshwa mizigo miwili, ya umeme ukutani na ya kufungulia nati, na ukiwa kazini unaweza kueleweka vibaya. Faida yake ni kwamba inakumbatia nati pande zote sita, inaingia kwenye shimo refu jembamba ambako spana ya kawaida haigeuki, na inazungusha haraka. Udhaifu wake ni nguvu. Mpini wa bisibisi hautoi nguvu ya mkono wa spana. Bolti ya M6 ya daraja la 8.8 (kipimo cha uimara wa chuma) inakazwa kwa takriban Nm 10, na hapo mkono tayari unalalamika. M8 inataka kama Nm 25, huipati kwa mpini huo hata ufanyeje. Kwa hiyo usipoteze fedha kwenye bisibisi za nati za milimita 13, 14 au 17. Kuanzia 12 kwenda juu tumia spana T, ringi au racheti. Hata mashine ya kumenya kahawa, ukiitiwa Kibosho au Marangu kuifungua, bolti zake kubwa ni kazi ya ringi.

Namba za nati zinafuata unene wa bolti. M3 nati yake ni 5.5, M4 ni 7, M5 ni 8, M6 ni 10, M8 ni 13. Wajapani hutumia vichwa vidogo zaidi kwa M8 na M10, yaani 12 na 14, ndiyo maana kwenye pikipiki zenye asili ya Kijapani unakutana mara nyingi na 8, 10, 12 na 14. Kwa kazi ulizonitajia nunua 7, 8 na 10 kwanza, kisha 5.5.

Namba 7 utaishangaa jinsi itakavyotumika. Klempu nyingi za mipira ya maji na petroli, zile za mkanda wa chuma wenye skrubu ya kuzungusha, zina kichwa cha pembe sita cha milimita 7 pamoja na mfereji bapa. Ukikaza kwa bisibisi bapa, ncha inateleza kando na kuchoma mpira, au kiganja cha mkono ulioushikilia. Kwa 7 haitoki. Zipo klempu za 6 na za 8 pia, kwa hiyo pima kabla.

Namba 7 hiyo hiyo ndiyo saizi ya kawaida ya vinozeli vya shaba (vipande vyenye tundu la kutolea gesi) vya majiko ya gesi. Hapa inatakiwa ukuta wa kichwa cha bisibisi ya nati uwe mwembamba ili upite ndani ya kikombe cha kichomeo. Funga mtungi, acha jiko lipoe, toa kichomeo, shusha bisibisi wima kabisa na uzungushe taratibu. Sumaku haitakusaidia kukishika kinozeli kwa sababu shaba haivutwi, na usikigandishe kwa grisi kwa kuwa inaziba tundu. Weka kipande kidogo cha karatasi kati ya kinozeli na ukuta huo, kibane kiasi cha kutodondoka wakati wa kukirudisha. Anza kuzungusha kwa vidole viwili tu. Shaba ni laini na uzi wake ukipishana umeharibu kichomeo kizima. Kikishika chini, robo ya mzunguko inatosha. Viungo vyote ulivyogusa vipimwe kwa povu la sabuni kabla ya kuwasha.

Namba 8 ni ya skrubu nyingi za bati zenye kichwa cha pembe sita na mpira chini yake, na ya vifuniko vya pikipiki. Namba 10 ni ya bolti na nati nyingi za M6, zikiwemo za betri za baadhi ya pikipiki.

Vitu vitatu uviangalie kwenye bisibisi ya nati. Kwanza, shimo liwe na pembe sita, si kumi na mbili. Pembe kumi na mbili zinashika karibu na kona, na nati yenye kutu hulika hapo hapo. Pili, mti wake, yaani chuma kirefu kinachotoka kwenye mpini, uwe na tundu refu ndani ili bolti inayotokeza juu ya nati ipate pa kuingia. Isiyo na tundu inagota kwenye bolti kabla haijafika kwenye nati, na klempu za betri au mifuniko ya tangi la maji zitakushinda. Tatu, iwe ya milimita kweli. Seti nyingine zimetengenezwa kwa inchi na hazisemi. 5/16 ya inchi ni milimita 7.94, kwa hiyo bisibisi ya 8 inaifungua bila tatizo, ila ya 5/16 haitaingia kwenye kichwa cha 8 kilichojaa rangi. Balaa ni 3/8, ambayo ni milimita 9.53: bisibisi ya 10 inacheza karibu nusu milimita juu yake, na inaila kona mara moja.

Ukienda dukani beba skrubu zako mfukoni: moja ya PH2, moja ya PZ2, moja ya M3.5 yenye mfereji, na nati ya M6. Ziwe mpya, si zilizolika. Weka skrubu kwenye ncha, shika bisibisi ikiwa imelala. Bisibisi nzuri ya msalaba inaishika skrubu kwa kubana, hata bila sumaku, na ukiitikisa kwa kidole haichezi. Ikining'inia au kudondoka, achana nayo, hata kama ina jina kubwa. Kisha ilaze juu ya kioo cha kaunta uisukume izunguke. Ncha ikiyumba juu chini, mti umepinda. Shika mti kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, ukunje kwa nguvu zako zote. Mti ukizunguka hata kidogo ndani ya mpini, ndani ya wiki utazunguka wote.

Maandishi CR-V yanamaanisha chuma chenye kromu na vanadi. Ni chuma kizuri, lakini yamepigwa chapa kwenye kila kitu siku hizi, na hayasemi jambo la maana zaidi: kama ncha ilipashwa moto na kupozwa inavyotakiwa. Isipokomaa inajikunja kama msumari, ikikomaa kupita kiasi inamegeka. Muuzaji akikuruhusu, pitisha tupa mpya laini kwenye kona ya ncha. Ikizama na kutoa unga kama kwenye msumari, ncha ni laini. Ikiteleza au kukwaruza juu juu tu, imekomaa. Tazama pia kumalizia kwa ncha. Kromu inayong'aa iliyopakwa nene hadi mwisho inaviringisha kona za msalaba na kuongeza unene. Watengenezaji makini huacha ncha nyeusi isiyo na kromu ili vipimo vibaki kamili. Weusi wa rangi ya kupuliza, unaokwanguka kwa ukucha, hauhesabiki. Na bisibisi ambayo haikuandikwa popote PH2 au 1.0 × 5.5, mtengenezaji wake hakutaka kujifunga na kipimo chochote, nawe usijifunge nayo.

Mpini uwe mnene wa kujaza kiganja kwa PH2 na 6.5, mwembamba kwa 3.0. Hili si suala la starehe. Nguvu ya kuzungusha ni ile ya mkono mara nusu ya unene wa mpini, kwa hiyo mpini wa milimita 35 unakupa karibu mara moja na nusu ya ule wa 24 kwa jasho lile lile. Kama utagusa petroli, epuka mipini ya mpira laini sana. Petroli huivimbisha na kuifanya inate. Urefu wa mti wa milimita 100 kwa PH2 unafaa kazi nyingi, na moja fupi ya kukaa kiganjani itakuokoa nyuma ya jiko. Mti ukiwa na shingo ya pembe sita chini ya mpini, ni bora zaidi kwa skrubu ngumu, kwa sababu unaweka spana hapo na kuongeza nguvu huku mkono mwingine ukisukuma.

Boksi la vipande 32 sasa. Vichwa vyake vina kitako cha pembe sita cha milimita 6.35, na kila kiungo kati ya kichwa na mpini kinacheza kidogo. Kishikio chake ni kinene, hakiingii kwenye mashimo ya chini ya birika la umeme au plagi. Na hakina kinga ya umeme. Hata hivyo Torx za T10 hadi T30, zile zenye kishimo katikati, na alen (ncha za pembe sita) za milimita 2.5 hadi 6 si za kutumia kila siku, na kuzinunua moja moja zenye mipini ni kupoteza fedha. Kwa hizo, boksi dogo la vichwa linatosha kabisa, likinunuliwa baadaye.

Kwa hiyo mpangilio ungekuwa huu. Mkupuo wa kwanza: PH2, PZ2, bapa 0.8 × 4.0 na bapa 1.0 × 5.5, zote nne za 1000 V. Zitafanya kazi za umeme na nyingine nyingi. Mkupuo wa pili: bisibisi za nati 7, 8 na 10, pamoja na PH1 na bapa ya 0.5 × 3.0. Tatu: JIS namba 2 kama pikipiki zimeongezeka, PH3, bapa ya 1.2 × 6.5 isiyo ya umeme kwa kazi ngumu, na 5.5 ya nati. Boksi la vichwa lije mwisho.

Kuhusu matumizi, nitasema machache, ila yasikupite. Vumbi letu la udongo wa volkano hujaa ndani ya msalaba na kuganda, hasa skrubu za nje zilizopitiwa na masika. Ncha haifiki chini, inashika juu juu tu. Chokoa kwa sindano au msumari mwembamba kwanza. Skrubu ikigoma, weka mafuta ya kupenya kutu, subiri robo saa, simamisha bisibisi isiyo ya umeme ndani yake na uigonge kwa nyundo mara mbili tatu ili kutu ipasuke, kisha ikaze kidogo mbele kabla ya kuirudisha nyuma. Sukuma kwa uzito wa bega, zungusha polepole. Ncha ikiruka mara ya kwanza, simama hapo hapo. Mruko wa pili na wa tatu ndio unaomaliza kichwa, na ukishamaliza kichwa utabaki na msumeno wa chuma wa kukata mfereji mpya, au koleo la kujifunga kama kichwa kimetokeza.

Bapa iliyolika inanoleka: isugue kwa tupa au jiwe hadi mwisho uwe mraba na bavu ziwe sambamba. Ukitumia grenda, gusa na kuchovya majini kila sekunde chache, maana ikigeuka bluu ukomavu umeondoka na kilichobaki ni chuma laini. Bisibisi ya msalaba ikilika hainoleki, itupe. Kuibakiza kwenye begi kwa kuhurumia bei yake ni kuendelea kula skrubu za watu.

Na safari ya Arusha: kwa mkupuo wa kwanza na wa pili usitoe nauli, anza na maduka ya vifaa vya ujenzi na umeme ya Moshi mjini ukiwa na skrubu zako mfukoni. Ukikosa JIS namba 2, hapo ndipo uulize Arusha, kwenye maduka yanayohudumia gereji za magari ya utalii.